Ujue Mji Kabla ya Kuuendea

Katika Kitabu cha Tobiti twasoma habari za mzee aliyetaka kumtuma mwanawe Tobia nchi ya mbali kuchukua fedha. Kabla ya kumruhusu aondoke, alimwagiza atafute mtu wa kumsindikiza, mtu aijuaye njia. Tobia akatoka, akamkuta malaika Rafaeli asimtambue, akamwuliza kama aijua njia ya kwenda Umedi. Rafaeli akamjibu kwamba ameipita mara nyingi, tena akamtajia miji ya huko na mwendo ulio kati ya mji na mji. Tazameni basi: hata malaika wa Mungu, alipotaka kumwongoza kijana, alianza kwa kumwonyesha kwamba aijua miji.

Sisi je? Tukiitwa mbali kwa harusi, kwa matanga, kwa upadrisho wa ndugu au kwa biashara, wengi wetu twauliza mambo mawili tu: nauli ni kiasi gani, na gari au mashua yaondoka saa ngapi. Habari za mji wenyewe hatuulizi. Twaufikia kama mtu aingiavyo usiku katika nyumba ngeni, tukijigonga hapa na pale. Wazee walisema kuuliza si ujinga, na neno hilo lamfaa msafiri kuliko watu wote.

Nchi yetu ya Kongo ni kubwa. Eneo lake ni kilometa za mraba zipatazo 2,345,000, nayo ni ya pili kwa ukubwa katika Afrika, baada ya Algeria. Hatuwezi kuitaja miji yake yote hapa. Lakini twaweza kufundishana namna ya kuiuliza. Kila mji tuuulize maswali matatu. La kwanza: kwa nini mji huu uko hapa, na si mahali pengine? La pili: uliitwaje zamani, na unaitwaje leo? La tatu: umepatwa na nini? Mwenye kuyashika maswali haya ataweza kuyatumia hata katika mji ambao hatukuutaja. Na kwa kuwa mcheza kwao hutunzwa, tuanze nyumbani, hapa Goma.

GOMA, MJI WA MPAKA

Mtu akitazama mahali Goma ilipo, atashangaa. Mji uko ukingoni mwa Ziwa Kivu, kiasi cha meta 1,500 juu ya bahari. Kaskazini yake, mwendo wa kilometa 15 hivi, umesimama mlima wa moto Nyiragongo, wenye kimo cha meta 3,470, na nyuma yake mwenzake Nyamulagira. Mto hakuna hata mmoja upitao mjini, kwa sababu ardhi ni mawe ya moto yaliyopoa, na mvua ikinyesha huzama ndani upesi. Ndiyo maana akina mama na watoto wa Goma hubeba bidoni za maji kutoka ziwani tangu zamani. Basi, ni nani aliyechagua kujenga mji hapa?

Jibu ni mpaka. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alipita Rwanda akafika Ziwa Kivu, akaupanda na mlima Nyiragongo. Baadaye Wajerumani walioitawala Rwanda na wazungu wa Kongo waligombana kwa miaka mingi juu ya nchi za Kivu, kila mmoja akisema ni zake. Shauri hilo lilikatwa huko Brussels mwaka 1910, na mpaka ukapitishwa kandokando ya vijiji vya watu ambao hawakuulizwa neno. Wajerumani walibaki na posti yao ya Gisenyi. Wabelgiji wakawa na ya kwao ng'ambo ya pili, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Hiyo ndiyo mbegu ya Goma: posti ya askari iliyowekwa ili kuitazama posti nyingine.

Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, askari wa pande mbili walikaa hapa wakitazamana. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji, ambalo askari wake walio wengi walikuwa vijana wa Kongo, liliingia Rwanda, likaendelea mpaka Tabora, nayo ikatwaliwa mwezi wa Septemba mwaka huohuo. Vijana wengi walikwenda kama wapagazi, wakabeba mizigo ya vita isiyokuwa yao, na wengi hawakurudi.

Juu ya jina la mji, wako wasemao kwamba Goma latokana na neno ngoma, kwa sababu mlima ulikuwa ukinguruma kama ngoma ipigwayo mbali. Hata kama wengine watasimulia vingine, jina hilo latukumbusha jambo moja: jirani wa kwanza wa mji huu ni mlima.

Katika siku za Wabelgiji Goma ilikuwa mji mdogo, chini ya Bukavu. Mwaka 1988 mkoa wa Kivu uligawanywa sehemu tatu, yaani Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na Goma ikawa makao makuu ya Kivu ya Kaskazini. Tangu hapo mji umepanuka mno. Leo wakaaji wake wakadiriwa kupita milioni moja.

MAKOVU YA GOMA

Sasa tulijibu swali la tatu. Mgeni afikaye Goma huona kuta nyeusi, mawe meusi, vumbi jeusi. Asifikiri ni uchafu. Ni historia ya mji.

Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa Nyiragongo ulipasuka, na ziwa la moto lililokuwa kileleni likamwagika kwa muda usiozidi saa moja. Moto ulishuka kwa mbio kuliko mtu awezavyo kukimbia, ukawaua watu katika vijiji vya kaskazini ya mji. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ukapasuka tena. Safari hii moto uliingia mjini, ukapita katikati ya maduka na nyumba, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukafika ziwani. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu liliharibiwa. Watu zaidi ya laki moja walibaki bila nyumba, na wengi sana walikimbilia Gisenyi. Lakini mawe yalikuwa bado ya moto watu walipoanza kurudi. Wakajenga juu ya mawe yaleyale, na kwa mawe yaleyale. Tarehe 22 Mei 2021, usiku, mlima ukawaka mara ya tatu, moto ukasimama pembeni mwa mji, na siku chache baadaye serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe. Watu wakaenda Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda.

Kovu la pili ni la vita na ukimbizi. Mwezi wa Julai 1994, kwa siku chache tu, watu wapatao milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda. Waliwekwa Kibumba, Katale, Mugunga na kwingineko. Pale ambapo ardhi ni mwamba, hakuna kuchimba kisima, hakuna kuchimba choo, wala kaburi halichimbiki. Kipindupindu kikaingia, wakafa makumi ya maelfu katika majuma machache. Baada ya hapo zikafuata vita za 1996 na 1998. Mwezi wa Novemba 2012 waasi wa M23 waliushika mji kwa siku kama kumi, na mwisho wa Januari 2025 wakaushika tena baada ya mapigano yaliyoua watu wengi. Kambi za waliohamishwa zilizouzunguka mji zikatawanyika, na uwanja wa ndege ukafungwa.

Kwa nini tunayasema haya kwa msafiri? Kwa sababu mgeni asiyejua makovu ya mji huugusa pasipo kukusudia. Atamwuliza mwenyeji kwa sauti katika gari, wewe ni kabila gani? Atacheka akiona nyumba ya mbao juu ya mawe, asijue kwamba mwenye nyumba hiyo ameijenga mara ya tatu. Mwenye kujua habari hufunga mdomo mahali pa kufunga, na husaidia mahali pa kusaidia.

Tena kujua huokoa maisha. Katika mabonde na mashimo ya kandokando ya mji, hasa upande wa magharibi, kuna mahali ambapo hewa mbaya itokayo ardhini hukaa chini kama maji. Wenyeji huita mazuku. Haionekani, wala wengi hawaisikii harufu. Mtoto, mbuzi au mtu aliyelala chini hufa kimya, hasa alfajiri na siku isiyo na upepo. Mwenyeji ajua asilale mahali gani. Mgeni asiyeuliza ataona kibonde kizuri chenye kivuli, atandike mkeka. Hata Ziwa Kivu lenyewe, lenye kina cha meta zaidi ya 480, limebeba chini yake hewa nyingi za namna hiyo pamoja na gesi iwezayo kuwaka, ambayo katika nchi ya Rwanda tayari hutumiwa kutengenezea umeme.

KUTOKA GOMA: JIRANI ZETU

Anayekwenda kusini kwa njia ya ziwa hufika Bukavu, kilometa 100 hivi. Wabelgiji waliuanzisha mji huo karibu na mwaka 1900, mahali ambapo Mto Ruzizi watoka ziwani kwenda Tanganyika. Mji umekaa juu ya rasi tano ziingiazo ndani ya maji. Wazungu walipapenda kwa sababu ya baridi yake, wakaupa jina la Costermansville mwaka 1927. Jina la Bukavu likarudi katika miaka ya 1950. Wakatoliki huukumbuka pia kwa damu. Tarehe 29 Oktoba 1996 Mhashamu Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa huko, baada ya kupaza sauti mara nyingi kuwatetea raia na wakimbizi.

Anayekwenda Bukavu kwa maji na akumbuke tarehe 3 Oktoba 2024. Siku hiyo mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma, mbele ya macho ya ndugu waliokuwa wakiwangoja wasafiri. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Watu walipanda hivyo kwa kuwa barabara ya nchi kavu ilikuwa imefungwa na vita. Basi jueni: kuulizia mji ni pamoja na kuulizia njia, na chombo kilichojaa mno ni afadhali kikuache pwani.

Anayekwenda kaskazini hupita Rutshuru, kilometa 70 na zaidi, katikati ya Mbuga ya Virunga iliyowekwa mwaka 1925, ya kwanza ya namna yake katika Afrika. Akiendelea atafika Butembo, karibu kabisa na mstari wa ikweta, mji uliokuzwa na wafanyabiashara Wanande kwa jasho lao. Mbele yake kuna Beni. Huko Mapadre Waasumpsionisti walifika mwaka 1929, na jimbo hilo leo laitwa Butembo-Beni. Nao wana makovu yao. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wameuawa mara nyingi kwa mapanga na bunduki, na kati ya 2018 na 2020 ugonjwa wa Ebola uliua huko na jirani watu zaidi ya 2,200. Mtu wa Butembo akisita kukupa mkono, usidhani amekudharau. Huenda aliufunzwa ugumu huo na msiba.

MAHALI MZIGO UNAPOSHUKA

Sasa tutoke Kivu. Miji mikubwa ya Kongo iko wapi, na kwa nini? Ukiielewa sababu moja utaikumbuka miji mingi: mji husimama mahali mzigo unaposhuka.

Tazameni Mto Kongo. Meli za bahari zaweza kuingia mtoni mpaka Matadi tu. Mbele yake maporomoko yazuia njia. Basi Matadi ikawa bandari. Kutoka hapo ilibidi mizigo ibebwe vichwani, na wapagazi wengi walikufa njiani, hata reli ilipojengwa kati ya 1890 na 1898, nayo ikauwa wafanyakazi wengi. Reli hiyo huishia mahali mto unapotulia tena. Mahali hapo Stanley aliweka posti mwaka 1881, akaipa jina la mfalme wa Wabelgiji, Léopoldville. Ndiyo Kinshasa ya leo, yenye watu zaidi ya milioni kumi. Hapo kwanza makao makuu ya serikali yalikuwa Boma, karibu na bahari. Mwaka 1923 iliamuliwa yahamie Léopoldville.

Kutoka Kinshasa meli za mtoni hupanda kilometa 1,700 na zaidi bila kizuizi, zikipita Mbandaka, mpaka zifike maporomoko mengine saba. Mzigo washuka tena. Hapo ndipo Kisangani. Kabla ya wazungu palikuwa na wavuvi Wagenia, wenye ufundi wa kutega samaki katika maji makali kwa miti na vikapu vikubwa, nao wangali wakifanya hivyo. Walikuja pia wafanyabiashara Waarabu na Waungwana kutoka Unguja na Maniema. Mkubwa wao, Hamed bin Muhammed aliyeitwa Tippu Tip, alikubali mwaka 1887 kuwa gavana wa huko kwa niaba ya Mfalme Leopold. Ni kwa njia hiyo, njia ya pembe za ndovu na ya watumwa, lugha yetu ya Kiswahili iliingia Kasongo, Nyangwe na Kisangani. Yafaa tuseme kweli: lugha tunayosalia leo ilikuja pamoja na minyororo. Mungu aweza kutoa jema hata katika baya, lakini baya lenyewe tusilisahau.

Kutoka Kisangani reli ya kilometa 125, iliyomalizika mwaka 1906, yazunguka maporomoko mpaka Ubundu. Hapo mzigo waingia tena majini kwenda Kindu, kisha tena relini kuelekea kusini na Ziwa Tanganyika, kwa Kalemie. Mmeona? Matadi, Kinshasa, Kisangani, Ubundu, Kindu, Kalemie: yote ni mahali mtu aliposhusha mzigo na kungoja. Mtu akingoja hula, akila hununua, na akinunua sokoni mji huzaliwa.

Miji mingine sababu yake iko chini ya ardhi. Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipoufikia. Wafanyakazi waliitwa kutoka pande zote, hata Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja. Mtu wa Goma akifika huko atasikia Kiswahili, ingawa maneno mengine yatamchekesha. Mbuji-Mayi, katika Kasai, ni mji wa almasi, na huko watu husema Kiluba. Kinshasa na Mbandaka husema Kilingala, na Matadi Kikongo. Tena Goma na Lubumbashi hutangulia Kinshasa kwa saa moja. Asiyejua hilo atachelewa au atangoja bure.

MAJINA MAWILI, MJI MMOJA

Swali letu la pili, la majina, lina maana kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1966 serikali ya Mobutu ilibadili majina ya miji mikubwa. Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Élisabethville ikawa Lubumbashi, Coquilhatville ikawa Mbandaka, Luluabourg ikawa Kananga. Vilevile Albertville ikawa Kalemie, Paulis ikawa Isiro, Jadotville ikawa Likasi, na Baudouinville ikaitwa Moba. Nchi yenyewe iliitwa Zaire toka 1971 mpaka 1997. Mwaka 1972 hata majina ya Kikristo yaliondolewa katika hati za serikali, na Maaskofu waliona taabu kubwa kwa ajili hiyo.

Sasa fikirini kijana aliyetumwa na familia kutafuta cheti cha ubatizo cha babu yake, ili shauri la urithi likatwe. Cheti chasema babu alibatizwa Baudouinville kwa jina la Petro. Kijana auliza stesheni gari liendalo Baudouinville; hakuna alijuaye. Afika Moba amwulizia mzee Petro. Wenyeji walimjua kwa jina jingine. Siku zapita, fedha zaisha, naye arudi mikono mitupu, hali kitabu cha ubatizo huenda kiko palepale parokiani. Kama angekwenda kwanza kwa padri wake au kwa mzee wa shirika lake na kuuliza mji huu uliitwaje zamani, angeokoa nauli na haki ya familia yake.

Na kwa kuwa tumeitaja Moba, tukumbuke kwamba huko Baudouinville ndiko Mhashamu Victor Roelens alikompa daraja Padri Stefano Kaoze, tarehe 21 Julai 1917. Ndiye padri wa kwanza mzalendo wa Kongo yetu. Mkatoliki apitaye Moba pasipo kulijua neno hili amepita mlangoni kwa baba yake bila kubisha hodi.

MIJI NA MASHAHIDI WAKE

Kwa maana miji haina makovu tu. Ina na mashahidi. Isiro ndipo Mwenye heri Anuarite, mtawa wa Familia Takatifu, alipouawa tarehe 1 Desemba 1964 akiulinda usafi wake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Pande za Mbandaka zatukumbusha Isidore Bakanja, aliyebatizwa mwaka 1906 na kufa mwaka 1909 kwa mapigo aliyopigwa kwa ajili ya skapulari yake. Uvira, tarehe 18 Agosti 2024, uliona mapadre watatu na bruda mmoja, waliouawa Baraka na Fizi mwaka 1964, wakitangazwa Wenye heri.

Na Goma? Goma ina Floribert Bwana Chui. Alizaliwa hapa mwaka 1981, akawa mmoja wa jumuiya ya Sant'Egidio, akiwafundisha watoto wa mitaani. Kazi yake ilikuwa mpakani, kukagua bidhaa ziingiazo. Ililetwa shehena ya chakula kilichoharibika, akapewa rushwa ili aipitishe. Akakataa, kwa sababu chakula kile kingedhuru watu. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, naye alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye heri huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta.

Hebu tulitafakari jambo hili. Tulisema Goma ilizaliwa na mpaka: posti ya askari ya kutazama posti nyingine. Kwa zaidi ya miaka 100 mpaka huo umepitisha majeshi, wakimbizi, magendo na njaa. Na palepale mpakani, katika kazi ya kila siku ya kutazama mizigo, kijana wa mji alipata utakatifu. Hakwenda jangwani. Alisema hapana mbele ya gunia bovu. Mtu asiyejua kwamba Goma ni mji wa mpaka hawezi kuelewa kwa nini shahidi wake alikuwa mkaguzi wa mizigo.

MASHAURI KWA MSAFIRI

Basi, wasomaji wapenzi, kabla ya kufunga mzigo fanyeni hivi. Kwanza, tazameni ramani, mjue mji uko upande gani, watu wake husema lugha gani, na majira ya mvua huko ni lini. Maana barabara inayopitika Julai huenda isipitike Novemba. Pili, mtafuteni mtu aliyetoka huko karibuni. Ramani haijui daraja lililovunjika juma lililopita, wala barabara iliyofungwa jana, na katika nchi za Kivu habari za mwezi uliopita ni habari za kale. Tatu, mwombeni padri wenu barua ya parokia, ili mkifika mpokewe kama ndugu, msilale njiani. Nne, ulizeni jina la zamani la mji na habari kuu zilizoupata. Tano, mkifika, sikilizeni kabla ya kusema.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayeleta uponyaji ni yule aliyejitayarisha: ajua mahali pa kunyamaza, ajua mahali pa kupiga magoti, hamzidishii mwenyeji mzigo. Na ninyi wenyeji wa Goma, mtu akishuka bandarini au stendi akiwa ameduwaa, msimcheke wala msimdanganye bei. Mwelekezeni. Mwambieni asilale bondeni. Mwonyesheni njia ya kanisa. Mzee Tobiti alimtafutia mwanawe mwenzi wa safari, naye hakujua kwamba amempa malaika. Huenda na ninyi, kwa kumwonyesha mgeni njia, mtakuwa mmefanya kazi ya Rafaeli.